Kustaafu Sio Kuachiwa: Kisa cha Brett Favre na Haki za Green Bay Packers

Leo naomba tutoke kidogo kwenye soka letu tuvuke bahari mpaka Marekani, kwenye ule mchezo wao wa mpira wa yai, helmeti na mabega makubwa. Najua wengi tukiukuta kwenye TV tunabadili chaneli. Lakini ndani yake kuna jambo moja linalonifurahisha kulichambua, nalo ni hili: mchezaji akisema nimestaafu, halafu baada ya miezi minne akasema narudi, huyo ni mali ya nani?

Kwenye soka ukistaafu mkataba wako ukiwa umekwisha, ukirudi unarudi huru. Paul Scholes alitundika daluga mwaka 2011, Januari 2012 akarudi Manchester United hiyo hiyo na hakuna aliyegombana na mtu. Kwa Wamarekani mambo ni tofauti kabisa, na kisa kinachofundisha vizuri kuliko vyote ni cha Brett Favre, mwaka 2008. Nimejaribu kukiweka kwa lugha nyepesi, na kwa mpangilio, ili hata asiyejua tachidauni ni nini aelewe.

Kwanza tujue maneno

*Kotabeki* ndiye nahodha wa mashambulizi. Mpira unaanzia mikononi mwake na yeye ndiye anayepiga pasi. Timu isiyo na kotabeki wa maana ni kama daladala isiyo na dereva.

*Drafti*, sio ile ya vijiweni ya kula kete. Ni siku za Aprili ambapo timu zote 32 za ligi ya NFL zinachagua vijana wanaotoka vyuoni. Kuna raundi 7, na timu iliyofanya vibaya zaidi ndiyo inayotangulia kuchagua. Zamu ya kuchagua ni mali: unaweza kuitoa ili upate mchezaji wa timu nyingine. Huko timu hazinunuliani wachezaji kwa mkwanja kama Ulaya, zinabadilishana watu na zamu za drafti.

*Kubadilishana*. Hapa ndipo Mwafrika anashangaa. Timu mbili zikikubaliana, mchezaji anahamishwa pamoja na mkataba wake kama ulivyo, na kwa kawaida hawahitaji saini yake. Labda awe na kipengele maalumu kwenye mkataba kinachokataza.

*Orodha ya waliostaafu*. Hili ndilo shina la mada yetu. Mchezaji akistaafu huku mkataba bado una miaka, mkataba ule haufi. Unasimama, kama saa iliyotolewa betri. Halipwi mshahara, hachezi, lakini jina lake linabaki kwenye orodha ya timu. Akitaka kurudi lazima amwandikie barua kamishna wa ligi. Kamishna akimrejesha, saa inaanza kutembea pale pale iliposimama, na timu yake inabaki na njia tatu tu: imchukue, imbadilishe na timu nyingine, au imwachie awe huru.

Kwa hiyo kustaafu kwa NFL ni kupumzika tu. Aliyekuachia ndiye anayekufanya huru, sio wewe uliyeaga.

Favre alikuwa nani

Jamaa alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1969 jimbo la Mississippi. Mwaka 1991 alichaguliwa na Atlanta Falcons raundi ya pili, hawakumtumia, na mwaka 1992 Green Bay Packers wakamchukua kwa kutoa chaguo la raundi ya kwanza. Tarehe 27 Septemba 1992 akaanza mechi, na tangu siku hiyo hakukosa kuanza hata mechi moja ya Packers mpaka alipoondoka. Miaka 16! Wenzake wanavunjika magoti, yeye yumo tu.

Alikuwa mchezaji bora wa ligi mara tatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997, ingawa ile ya mwisho aligawana na Barry Sanders. Januari 1997 aliipa Packers ubingwa wa Super Bowl kwa kuwafunga New England Patriots 35-21. Mwaka 2007 akampita Dan Marino kwa idadi ya pasi za tachidauni katika historia.

Sasa jueni na mji wenyewe. Green Bay ni mji mdogo sana kwa timu ya ligi kubwa, na Packers haina tajiri anayeimiliki. Wenye hisa ni wananchi wa kawaida, zaidi ya laki moja. Kwa hiyo ugomvi wa Favre na Packers ulikuwa kama ugomvi wa ndani ya ukoo: mashabiki walikuwa ndio wenye timu, na wengi wao walikuwa wamevaa jezi namba 4.

Machi 2008: kwaheri ya machozi

Msimu wa 2007 Packers walishinda mechi 13 wakapoteza 3. Tarehe 20 Januari 2008 wakawa nyumbani Lambeau Field, wamebakiza hatua moja waende Super Bowl, baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Wakafungwa na New York Giants 23-20 katika muda wa nyongeza, na pasi ya mwisho ya Favre ikanaswa na mpinzani. Hiyo ndiyo ikawa pasi yake ya mwisho akiwa na Packers.

Tarehe 4 Machi habari zikatoka kwamba anastaafu. Tarehe 6 akakaa mbele ya waandishi, akalia kama mtoto. Miaka 38, mzee wa kazi kaaga. Mashabiki nao wakalia.

Ila kuna mtu mmoja ambaye siku hiyo maisha yake yalibadilika: dogo Aaron Rodgers. Alichaguliwa mwaka 2005, raundi ya kwanza, wa 24. Miaka mitatu alikaa benchi akimwangalia Favre. Sasa timu ikamwambia, zamu yako. Kocha Mike McCarthy akaanza kupanga mashambulizi kwa kumtazama yeye, na mazoezi yote ya miezi iliyofuata yakaenda hivyo.

Julai 2008: "nataka kurudi"

Kabla msimu haujaanza, mkongwe akabadili mawazo. Tarehe 11 Julai akawaandikia Packers akiomba waachane naye kabisa ili atafute timu nyingine. Packers wakakataa. Hawakutaka kumfanya kotabeki wa kwanza tena, na hawakutaka kumwachia.

Mtu anaweza kusema: huo si uchoyo? Kama humtaki mwache aende! Ngoja tuone kila upande ulikuwa umeshika karata gani.

*Karata za Packers.* Mwaka 2001 Favre alisaini mkataba wa miaka 10, uliotangazwa kama mkataba wa maisha, wa takribani dola milioni 100. Ulikuwa unafika mpaka 2010. Maana yake mwaka 2008 bado kulikuwa na misimu mitatu mbele. Kwa sheria, akicheza, anacheza kwa Packers au kwa yule watakayempa Packers.

*Karata za Favre.* Mkataba unafunga pande zote mbili. Akirejeshwa na kamishna akatokea kambini, Packers wanapaswa kumpokea na mshahara wake wa msimu huo wa dola milioni 12. Fikiria: dogo Rodgers anajaribu kujifunza uongozi, huku mlango unafunguka na anaingia mtu ambaye mji mzima unamwabudu. Kila pasi mbaya ya dogo, uwanja mzima unaimba jina la mwingine.

*Hofu yenyewe.* Hapa ndipo kiini kilipo. Minnesota Vikings wako kundi moja na Packers, wanakutana mara mbili kila msimu, na uhasama wao ni wa jadi. Vikings walikuwa na timu nzuri, pengo lao lilikuwa kotabeki. Packers waliona wazi kabisa Favre akiachiwa Jumatatu, Jumanne yuko Minnesota. Wakapeleka hata malalamiko ligi kwamba Vikings wanazungumza na mchezaji wao kinyume cha sheria. Ligi ikachunguza, haikukuta kosa.

Kwa hiyo Packers hawakuwa wanamng'ang'ania Favre kwa sababu wanamhitaji. Walikuwa wanang'ang'ania asiende kwa jirani. Na mimi naona hiyo ndiyo maana halisi ya haki za mchezaji aliyestaafu: ni haki ya kuzuia. Haimpi mtu nguvu ya kumchezesha asiyetaka kucheza. Inampa nguvu ya kumfungia geti anayetaka.

Wiki ile ya Agosti

Mwisho wa Julai Favre akapeleka barua kwa kamishna Roger Goodell. Rais wa Packers, Mark Murphy, akasafiri mpaka Mississippi kuzungumza naye, na vyombo vya habari vikaripoti kwamba mezani kulikuwa na dili la matangazo la zaidi ya dola milioni 20 kwa miaka 10, ili abaki kuwa mstaafu. Yaani alipwe ili asicheze! Dili halikupita.

Tarehe 3 Agosti akaruka na ndege kwenda Green Bay, na tarehe 4 kamishna akamrejesha rasmi. Akakaa na kocha McCarthy kwa masaa mengi. Hawakuelewana. Wakati huo huo Rodgers yuko mazoezini, na baadhi ya mashabiki wanamzomea. Dogo hakuwa amefanya kosa lolote zaidi ya kukubali kazi aliyopewa.

Packers wakaona hawawezi kumweka, hawataki kumwachia, imebaki njia ya tatu. Timu mbili zilikuwa na hamu: Tampa Bay Buccaneers na New York Jets. Usiku wa tarehe 6 Agosti dili likafungwa na Jets, walio kundi la mbali kabisa na Packers.

Dili lilivyosomeka

Malipo yalikuwa chaguo moja la drafti ya 2009, ambalo thamani yake ilitegemea Favre atacheza vipi:

- Kwa kuanzia, raundi ya nne.
- Akicheza nusu ya muda wa mchezo katika msimu, inapanda kuwa raundi ya tatu.
- Akicheza asilimia 70 na Jets wakaingia mtoano, raundi ya pili.
- Akicheza asilimia 80 na Jets wakafika Super Bowl, raundi ya kwanza.

Juu yake kukawekwa komeo: Jets wakimpeleka Favre kwa Vikings kwa kubadilishana, watawalipa Packers machaguo matatu ya raundi ya kwanza. Bei hiyo hakuna mwenye akili timamu angeilipa kwa mtu anayekaribia miaka 40. Ilikuwa ni ukuta umeandikwa kama bei.

Msimu ukaenda hivi. Jets walianza vizuri, ushindi 8 na kupoteza 3, kisha wakaporomoka, wakamaliza 9-7 bila kuingia mtoano. Favre akiwa na jeraha la mkono alimaliza na tachidauni 22 na pasi 22 zilizonaswa. Kibaya zaidi, ili kumpisha yeye Jets walimwachia Chad Pennington, akaenda Miami Dolphins, na siku ya mwisho ya msimu Pennington huyo huyo akaja kuwafunga 24-17 na kutwaa ubingwa wa kundi. Ndio ujue ukimwachia mtu bure inaweza kukugharimu. Packers hawakuwa wajinga kuogopa.

Packers nao mwaka huo walipata 6-10. Kijiweni kokote Wisconsin mtu angeweza kusimama akasema "si niliwaambia!" Chaguo lao likatua raundi ya tatu. Wakaliunganisha na mengine, wakalitumia kupanda juu kwenye drafti ya 2009 na kumchukua Clay Matthews. Jina hilo mliweke akilini.

Mlango wa uani

Februari 2009 Favre akastaafu mara ya pili. Sasa haki zake zilikuwa mikononi mwa Jets, na Aprili wakamwachia rasmi. Mnaona kilichotokea? Komeo la machaguo matatu lilisema *kubadilishana*. Halikusema lolote la kuachiwa huru. Geti la mbele limefungwa kwa minyororo, mlango wa uani uko wazi.

Tarehe 18 Agosti 2009 Favre akasaini Minnesota Vikings.

Tarehe 5 Oktoba akawafunga Packers 30-23. Tarehe 1 Novemba akaenda Lambeau Field kwenyewe akiwa na jezi ya zambarau, akazomewa na watu wale wale waliomlilia, akawafunga 38-26. Akiwa na miaka 40 alipiga tachidauni 33 na kunaswa pasi 7 tu, msimu bora kuliko wote kwa upande wa kutonaswa. Vikings wakafika hatua moja kabla ya Super Bowl. Tarehe 24 Januari 2010, mechi na New Orleans Saints iko sare, dakika za mwisho, akapiga pasi ikanaswa. Saints wakashinda 31-28 katika muda wa nyongeza. Kama ile ya Giants miaka miwili nyuma.

Akarudi tena 2010, mwili ukagoma. Tarehe 13 Desemba mfululizo wake wa kuanza mechi ukakatika ukiwa umefika 297 za msimu wa kawaida. Baada ya hapo akaaga mara ya tatu, na hiyo ndiyo ikawa ya kweli.

Wengine waliopita njia hiyo

*Barry Sanders*, 1999. Detroit Lions. Alistaafu ghafla akiwa hajafika mbali na rekodi ya kukimbia na mpira. Lions hawakumwachia na wala hawakumbadilisha, na wakadai arudishe sehemu ya dola milioni 11 alizopewa wakati wa kusaini. Akaamriwa kuanza kurudisha. Hakucheza tena kamwe. Hapa timu ilishika haki mpaka mwisho, na mkononi ikabaki na karatasi.

*Marshawn Lynch*, 2017. Alistaafu Seattle Seahawks 2016, akataka kurudi ili achezee timu ya mji aliozaliwa, Oakland Raiders. Seahawks wakampeleka kwa mabadilishano madogo tu ya raundi za chini za drafti. Hakuna aliyepiga kelele.

*Rob Gronkowski*, 2020. Alistaafu New England Patriots Machi 2019. Mwaka mmoja baadaye rafiki yake Tom Brady akahamia Tampa Bay, na jamaa akasema narudi, lakini kwa Brady tu. Patriots walikuwa na haki zake zote, ila soko likawa na mteja mmoja. Wakamtoa pamoja na chaguo la raundi ya saba, wakapata la raundi ya nne. Februari 2021 akafunga tachidauni mbili kwenye Super Bowl ambayo Tampa walishinda 31-9.

Kwa hiyo nani alishinda?

Ukihesabu matokeo, Packers. Tarehe 6 Februari 2011 waliwafunga Pittsburgh Steelers 31-25 kwenye Super Bowl. Mchezaji bora wa siku ile alikuwa dogo aliyezomewa, Rodgers. Na Clay Matthews, tunda la chaguo la Favre, alikuwa uwanjani akitisha.

Lakini mimi siishii kwenye matokeo, kwa sababu Rodgers angeweza kabisa kuwa mchezaji wa kawaida na uamuzi bado ungekuwa ule ule. Ninachokiona ni mipaka ya hiyo haki. Timu ina ufunguo wa geti, mchezaji ana miguu. Sanders alikataa kutembea, ufunguo ukaota kutu. Gronkowski alikubali kutembea njia moja tu, bei ikashuka. Favre alisubiri mwaka mmoja, akazunguka nyuma. Kilichonunuliwa na Packers kwa kelele zote zile kilikuwa mwaka mmoja wa kumlinda dogo asikutane na mzee mlango wa pili. Na kwa maoni yangu mwaka huo ulikuwa na thamani.

Upande wa Favre nako nauelewa. Mtu amefanya kazi miaka 16 bila kukosa siku, halafu anaambiwa huchezi hapa na huendi unapotaka. Kisheria ni sawa, aliusaini mwenyewe ule mkataba. Moyoni inauma.

Ilichukua muda kupona. Julai 2015 Packers waliistaafisha jezi namba 4, Lambeau ikajaa, na 2016 akaingia kwenye jumba la heshima la mchezo wao. Na dunia ni duara jamani: mwaka 2023 Packers walimpeleka Rodgers naye, akiwa mkongwe, wakamkabidhi mikoba dogo mwingine. Walimpeleka wapi? New York Jets.

Kwa ufupi, kwa mwenye haraka

1. Ukistaafu NFL ukiwa na mkataba, mkataba unasimama, haufi.
2. Kurudi kunapitia kwa kamishna, na unarudi kwa timu ile ile.
3. Timu ina njia tatu: kukuchukua, kukubadilisha, kukuachia.
4. Ikikubadilisha inaweza kuweka masharti juu ya timu mpya, lakini masharti hayo yanafunga kile tu yanachokitaja.
5. Haki ya timu ni ya kuzuia. Bei yake inategemea kama mchezaji yuko tayari kwenda.

Haya wadau, nimemaliza. Ungekuwa wewe ndiye bosi wa Packers Julai ile, mzee kashika barua na dogo yuko mazoezini, ungefanyaje? Nawakilisha.